Mkate, Maji na Usingizi Chini ya Mretemu

Wapendwa katika Bwana, amani iwe kwenu. Neno la juma hili linatoka 1 Wafalme 19, mstari wa 1 hadi wa 21. Tumezoea kuihubiri sura hii kwa ajili ya ile sauti ya utulivu kule mlimani Horebu, tukayapita haraka yaliyotokea njiani, nayo yana neno kwa vijana wetu, simu zao na usingizi wao.

Nabii Eliya, aliyekuwa ametoka kuwashinda manabii wa Baali mlimani Karmeli, alipokea ujumbe mmoja wa vitisho kutoka kwa malkia Yezebeli, akakimbia hadi Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu, kijiti cha jangwani, akaomba afe. Sababu aliyoitaja ni kwamba yeye si mwema kuliko baba zake. Ujumbe uliomtikisa, upweke alioutafuta mwenyewe, kujipima kwa wengine, kisha kuchoka kuishi: kijana wa Mwanga au Ujiji, hapa kwetu Kigoma, aliyejifungia chumbani na simu saa nane za usiku ataielewa habari hii upesi kuliko sisi wazee.

Sisemi kwamba simu ndiyo chanzo cha kila ugonjwa wa akili. Wapo vijana wanaoikimbilia kwa sababu sonona imekwisha kuwaingia, na humo ndimo wanamopata mtu wa kuzungumza naye. Hata Vivek Murthy, aliyekuwa daktari mkuu wa serikali ya Marekani, alipotoa tahadhari mwaka 2023 kwamba watoto na vijana wanaotumia zaidi ya saa 3 kwa siku katika mitandao ya kijamii wako katika hatari maradufu ya kupata matatizo ya afya ya akili, zikiwemo dalili za sonona na wasiwasi, alikiri pia kwamba yapo mengi yanayohitaji kuchunguzwa zaidi. Lakini kuhusu usingizi hatuna haja ya kusubiri uchunguzi wa mtu. Wataalamu wanasema kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala kwa muda wa saa 8 hadi 10 kwa siku, na huku kwetu vifurushi vya bei nafuu ni vile vya usiku wa manane. Kijana asiye na fedha hukesha kwa sababu huo ndio wakati anaoweza kuumudu mtandao. Hujifunika shuka gubigubi ili mama asiuone mwanga, hufungua kuona nani ameitazama status yake, hukutana na picha ya mwenzake aliyehamia Dar es Salaam akiwa ameegemea gari (gari la nani, picha haisemi), kisha huendelea kushuka ukurasa ambao haufiki mwisho. Haufiki kwa sababu ulitengenezwa usifike. Aza Raskin, Mmarekani aliyebuni utaratibu huo mwaka 2006, ameeleza hadharani kwamba anaujutia.

Sasa tazama alivyotendewa Eliya. Hakukemewa wala hakuhubiriwa. Malaika alimgusa akamwambia ainuke ale, na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena, na malaika akaja mara ya pili na chakula, akisema kwamba safari iliyo mbele yake inamzidi nguvu. Mazungumzo yalikuja baadaye, Horebu, baada ya mwendo wa siku 40. Kwa hiyo inanisumbua ninapoona kijana asiyelala analetwa mbele ya kanisa akemewe pepo la simu. Chini ya mretemu hakuna pepo lililokemewa. Palikuwa na mtu aliyechoka, na Mungu alianza na uchovu wake.

Sisi wa mwambao hatuhitaji kufundishwa kwamba kazi ya usiku lazima iwe na mapumziko. Mwezi unapokuwa mpevu, taa za wavuvi hazivuti dagaa, basi mitumbwi hukaa ufukweni na watu hulala majumbani kwao. Mwaka 2024 serikali ililifunga Ziwa Tanganyika kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na pamoja na manung'uniko yote, ziwa lilipumzika. Simu haina mbalamwezi. Mapumziko yake lazima yawekwe na watu: chaja ikae sebuleni, simu zote zilazwe huko kuanzia saa tatu usiku, na ya baba iwe ya kwanza, kwa sababu mtoto hatamtii mzazi anayemfokea huku akipekua yake. Kwa vijana wanaoishi peke yao kwenye mageto jambo hili ni gumu zaidi, na wao ndio ninaowahofia.

Na kanisa lijitazame. Kikundi chetu cha kwaya hutuma ratiba ya mazoezi saa sita usiku, wengine hutuma video za mahubiri saa tisa, kisha Jumapili tunamwuliza kijana kwa nini anasinzia ibadani. Naomba viongozi wa vikundi wasitume chochote baada ya saa tatu usiku, isipokuwa msiba au dharura.

Huko Horebu Mungu alimwuliza Eliya mara mbili anafanya nini pale, na mara zote mbili Eliya alijibu kwa maneno yaleyale, kwamba amesalia peke yake. Alisikilizwa mpaka mwisho. Ndipo akaambiwa kwamba wako watu 7,000 katika Israeli wasiompigia Baali magoti, akatumwa kwa Elisha, mtu wa kutembea naye. Kijana akikwambia amechoka kuishi, usimjibu kwa aya uliyotumiwa na mtu mwingine. Nenda alipo, keti naye, mle pamoja, usimwache peke yake usiku huo, na kukipambazuka mpeleke hospitali akaonane na wataalamu wa afya ya akili. Dawa na maombi havigombani. Anayehitaji mtu wa kumsindikiza awaambie wazee wa kanisa, hata iwe usiku. Kwa jambo hilo simu zetu ziko wazi.