Nilivyofungua malalamiko baada ya kunyimwa nyumba kwa sababu ya watoto

"Jengo letu ni la watu wazima watulivu." Hilo ndilo jibu nililopewa kwenye simu, hapa Marekani, mara tu niliposema nina watoto wawili. Simu ilipokatika niliandika daftarini tarehe, saa, namba niliyopiga, jina alilojitambulisha nalo msemaji, na maneno yake kwa Kiingereza kama alivyoyatamka. Sikuandika "amenibagua". Mpelelezi hana la kufanya na neno hilo. Anataka kauli yenyewe.

Tangazo nililipiga picha, bei na tarehe zikionekana. Siku tatu baadaye lilikuwa bado lipo, nikapiga picha nyingine. Simu sikuirekodi, na nawasihi wenzangu msirekodi kimyakimya: majimbo kadhaa yanataka pande zote zikubali, na ushahidi wako unaweza kugeuka kosa lako.

Kisha nikaenda kwenye jengo lenyewe kuhesabu masanduku ya barua, moja kwa kila nyumba. Yalikuwa 12. Hatua hii wengi huiruka, nayo yaweza kuangusha malalamiko yote, kwa sababu Sheria ya Haki ya Makazi ya 1968 haimbani mwenye nyumba anayeishi humo humo, ikiwa jengo halizidi familia 4. Hata huyo haruhusiwi kutangaza ubaguzi wake, na akimkataa mtu kwa rangi, sheria ya haki za kiraia ya 1866 haimpi upenyo wowote. Upenyo mwingine ni wa nyumba za wazee. Mwenye jengo la miaka 55 na kuendelea lazima awe na mkazi wa umri huo katika walau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa. Wapangaji wawili niliowakuta nje walikuwa na miaka ishirini na kitu.

Fomu ya Wizara ya Nyumba, ambayo wote huiita HUD, inakutaka utaje sababu ya kubaguliwa. Sababu zinazotambuliwa na sheria ya taifa ni saba, nazo hazikuja siku moja. Mbari, rangi, dini na nchi ya asili ziliingia 1968, baada ya kupiganiwa mitaani. Mjini Chicago mwaka 1966 mtetezi wa haki za Weusi, Martin Luther King, alipigwa jiwe kichwani akiandamana kudai nyumba. Mjini Milwaukee vijana, pamoja na padri James Groppi, waliandamana usiku 200 kuanzia Agosti 1967. Bunge liliendelea kusuasua hadi King alipouawa tarehe 4 Aprili 1968. Siku saba baadaye Rais Johnson alisaini sheria hiyo. Jinsia iliongezwa 1974. Ulemavu na kuwa na watoto wa chini ya miaka 18 vilisubiri hadi 1988! Kabla ya hapo, jibu nililopewa lisingevunja sheria ya taifa. Na kabla ya 1988 wizara iliweza kusuluhisha tu. Mwenye nyumba akigoma, ilibaki imekunja mikono.

Kufungua malalamiko ni bure. Niliwataja mwenye jengo na kampuni inayokusanya kodi, wote wawili, kwani ukimtaja mmoja anamsukumia mwenzake. Jina la mwenye jengo nililipata kwenye daftari la ardhi la kaunti, ambalo yeyote anaweza kuliangalia. Maelezo yangu yalijaa nusu ukurasa: nani, lini, alisema nini, na kwamba tangazo liliendelea kuwepo. Hali ya uhamiaji haikufungii mlango. Sheria inamlinda kila anayetafuta nyumba.

Muda ndio unaowaponza wengi. Una mwaka 1 tangu tukio kwenda HUD, na miaka 2 kwenda mahakamani mwenyewe. Siku ambazo malalamiko yako yapo wizarani hazihesabiwi kwenye hiyo miwili. Uchunguzi unatakiwa uishe ndani ya siku 100, ingawa mara nyingi hupita hapo, kwa hiyo kila barua niliijibu wiki ileile.

Yangu yaliishia kwenye usuluhishi. Kabla ya kusaini nilidai vitu viwili viandikwe: kiasi nitakacholipwa pamoja na tarehe ya malipo, na kwamba wapangaji wapya wenye watoto watapokelewa kwa masharti yaleyale ya wengine. La pili lilibishaniwa kuliko fedha. Sikusaini mpaka lilipoingia.