Nimeuziwa lubugo feki

Jamani leo nimepigwa hapa Kampala. Nimenunua kibegi nikaambiwa hii lubugo (nguo ya gome la mti) ya Masaka kabisa, kufika home senga (shangazi yangu) anakigusa tu anaanza kucheka, "mwanangu, hili si gome la mti wa mutuba, ni kitambaa kimepakwa rangi." Yaani lubugo yenyewe wanabandua gome mti haufi, shina wanalifunga majani ya migomba ili gome liote tena, alafu wanalitwanga na nyundo za mbao masaa kibao mpaka linakuwa laini, UNESCO waliitambua tangu 2005, leo mtu anauza feki kwa jina hilohilo! Na sheria ya kulinda majina ya bidhaa za asili ya mahali tunayo tangu 2013, mbona kwenye vibanda nilivyopita lebo sikuona hata moja? Kibegi senga kashaweka vitunguu.