Usiku tuliovuka feri na homa

Kadi ya njano ya gari imekuja leo. Baba watoto ameiweka juu ya friji pamoja na pasipoti, maana Disemba tuna harusi Tanga na tutavuka mpaka wa Lungalunga kwa gari letu wenyewe. Ni ile bima ya COMESA: ukimgonga mtu upande wa pili, inalipa. Nimeisoma mbele na nyuma nikiwa nimesimama na mwiko mkononi. Gari limeshakatiwa bima ya safari. Watoto watatu watakaokaa ndani yake hawana.

Mwaka jana jambo hili lingenipita. Mwaka huu haliwezi, kwa sababu ya Agosti.

Mdogo wangu anaishi Birmingham na mumewe na watoto wawili. Walikuja likizo ya wiki tatu, wakakaa kwangu hapa Tudor, kisiwani Mombasa, halafu tukakodi nyumba Diani, ng'ambo ya feri, sote pamoja na mama. Siku ya kumi na tatu tangu washuke ndege, kijana wake wa miaka sita akaamka hataki hata mahamri. Mama akasema ni kubadili hewa tu. Adhuhuri mwili ukawa moto, alasiri akatapika dawa ya homa. Duka la dawa Ukunda wakatuuzia nyingine na ya kikohozi juu yake, shilingi 3,450, wakaandika hesabu kwa kalamu kwenye kikaratasi kisicho hata jina la duka.

Saa nne usiku kifua kikaanza kupiga filimbi. Huyu mtoto ana pumu, kama binti yangu wa pili. Imo katika ukoo wetu, na marehemu baba ilimsumbua hadi mwisho. Kliniki ya karibu wakampa mvuke, wakasema tusikae, tumvushe kisiwani.

Likoni tulikuta foleni. Askari wa feri alimulika tochi ndani ya gari, akamwona mtoto amelala mapajani, akatupungia mkono tupite mbele ya malori. Sikupata hata kumshukuru. Juu ya feri tulifungua vioo ili apate upepo. Taa za bandari ya Kilindini ziliwaka upande wa kushoto, na mimi sikuziona ila baadaye, nikikumbuka. Wakati ule nilikuwa nahesabu pumzi zake na mdogo wangu anazihesabu pia, kila mmoja kimoyomoyo, na nilijua anahesabu kwa sababu midomo yake ilikuwa inacheza.

Hospitalini walimpokea bila kuuliza pesa. Hiyo ni haki yake: kifungu cha 43 cha Katiba yetu ya 2010 hakiruhusu mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Wakampa mvuke tena, wakamtoboa kidole, na kipimo cha haraka kikatoa mistari miwili. Malaria. Daktari alieleza taratibu: mtoto aliyezaliwa na kukulia nje hana kinga tuliyoizoea sisi wa Pwani, na kwa kuwa anatapika hawezi kupewa vidonge, atachomwa sindano za artesunate, ya kwanza sasa hivi, ya pili baada ya saa 12, ya tatu saa 24. Sista alimfunga mkono wenye dripu kwenye kipande cha boksi la glavu ili asiukunje. Kwenye boksi lile bado lilikuwa limebaki neno "MEDIUM", la bluu, chini ya plasta.

"Mama mkubwa," akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kudonoa, "hii boksi ya nini?"

Nikamwambia ni mto wa mkono. Akaridhika, akafumba macho.

Basi dharura imekwisha, sasa ni kulazwa, na kulazwa ni dipoziti. Shilingi 60,000. Shemeji alitoa kadi ya benki yake, ikakataa mara mbili. Akatoa ile kadi yao ya afya ya serikali, masikini, alidhani inafanya kazi kila mahali. Ni ya Ulaya na sehemu chache nyingine, na Kenya haimo. Ndipo mdogo wangu akatoa simu iliyobaki chaji asilimia tisa na kusema, "Dada, tulikata bima. Ngoja nipige."

Nilimshikia simu ikiwa kwenye spika ili yeye amshike mtoto. Kwetu ilikuwa saa sita za usiku, kwao saa nne. Mwanamke aliyepokea alikuwa mpole lakini hakuharakisha hata kidogo. Namba ya mkataba. Tarehe ya kuondoka nyumbani. Jina la daktari na la hospitali. Je, mtoto alikuwa anapewa dawa ya kukinga malaria? Mdogo wangu akanyamaza kidogo, akasema alikuwa anapewa, ila siku mbili alivitema vidonge na hakumrudishia. Kisha swali ambalo hadi leo nikilala nalisikia: je, ana ugonjwa wowote wa zamani?

"Ana pumu. Niliandika."

Tukasikia vidole vikigonga kibodi. Mtoto anakoroma kifua, dripu inadondoka, na maelfu ya maili huko mtu anatafuta neno moja kwenye faili. Sijui ilikuwa sekunde ngapi.

"Ndiyo. Imeandikwa."

Baadaye mdogo wangu aliniambia kwamba siku wanakata bima, lile neno pumu liliongeza bei, na mumewe alimwambia aliache, mtoto hajashikwa mwaka mzima. Alilijaza hivyo hivyo. Angeliacha, kampuni ingekuwa na haki ya kusema tuliwaficha, na usiku ule kifua na malaria vilikuwa vimeshikana hivi kwamba sidhani yupo ambaye angekubali kuvitenganisha kwa faida yetu.

Lakini bima haikulipa usiku ule. Barua ya kuahidi malipo, walisema, itatumwa hospitali wakishapata ripoti ya daktari. Ilifika kesho yake saa nane mchana. Zile saa kumi na nne katikati zilibebwa na watu. Mimi nilikuwa na 20,000 za karo. Kaka yetu wa bandarini akatuma 15,000 kwa M-Pesa bila kuuliza za nini. Mweka hazina wa chama chetu cha kina mama nilimwamsha kwa simu, akasema, "Ngoja niwashe taa," na baada ya dakika tano 25,000 zikaingia. Nataka niliandike hili wazi kwa sababu nimesikia watu wakisema bima ni kwa wasio na watu. Tulikuwa na watu, na tulihitaji vyote viwili. Chama kilifungua mlango wa wodi. Kisingeweza kulipa 148,600, ambayo ndiyo hesabu iliyotoka siku ya nne, wala kubadilisha tiketi za ndege za mama na mtoto wakati baba na dada mtu walipoondoka kwa tarehe yao.

Waliporudi kwao, karatasi zilibaki kwangu. Bima ilitaka hesabu iliyochambuliwa, kila sindano na kila glavu mstari wake, risiti ya dipoziti yenye muhuri, ripoti ya daktari iliyosainiwa. Kwa vile yeye yuko mbali, nilikwenda mimi, mara tatu, nikaketi kwenye kile kiti cha plastiki cha dirisha la malipo. Kikaratasi cha Ukunda kilikataliwa. Nikapanda matatu Jumamosi kurudi kule kuomba risiti ya kweli, na kijana wa dukani akasema mauzo ya Agosti yamekwisha fungwa. Zile 3,450 zilipotea, na pauni 100 ambazo mkataba ulisema ni za mteja mwenyewe zikakatwa pia. Zilizobaki zililipwa Oktoba. Siku hiyo hiyo mdogo wangu akanitumia, nami nikapeleka 25,000 za chama mkononi, sikutaka kuzituma kwa simu.

Mama bado anasema kumkatia mtoto bima ni kumwitia maradhi. Simbishii, amelea saba bila karatasi yoyote. Wengine wanauliza kuhusu riba, na hilo ni swali la haki kabisa. Kwao ipo takaful, bima ya Kiislamu ambapo mnachangiana kama chama, nami naona ndiyo iliyo karibu zaidi na moyo wangu. Kinachonisumbua ni wale tusio na pingamizi lolote, tunaosahau tu. Mimi nakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya SHA, bima ya afya ya serikali, kila mwezi, na nilikuwa nimejituliza kwamba basi, watoto wana bima. Wanayo, hapa. Homa ya ghafla ikimshika mmoja wao Tanga usiku wa kupeleka hina, hiyo itakuwa ya mfuko wangu.

Kwa hiyo leo mchana, kadi ya njano ikiwa mbele yangu, nilipiga simu ofisi moja ya bima hapa mjini. Siku kumi, watu wazima wawili, watoto watatu. Kijana akanitajia bei, na haikuwa mbaya. Kisha akauliza kama kuna mtoto mwenye ugonjwa wa zamani, maana bei itabadilika na huenda wasiukubali wote.

Binti yangu alikuwa sebuleni anaimba, kifua cheupe, hajashikwa tangu Mei.

"Yuko," nikamwambia. "Wa pili. Ana pumu. Andika."