Nilivyoupanda Mlima Kahuzi nikiwa na goti bovu

Mkazi wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, anayetaka kupanda Mlima Kahuzi ana nafuu ambayo mgeni kutoka Kinshasa hana, kwa kuwa Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari na mapafu yake yamekwisha kuizoea hewa ya juu. Kilele kina mita 3,308. Mimi ni mwalimu niliyevuka miaka hamsini, na goti langu la kulia hunisumbua hata ngazini, lakini urefu huo haukunitisha. Nililoliwazia zaidi ni tope.

Ninaeleza safari niliyoifanya kabla ya vita kuingia Bukavu mwezi Februari 2025. Anayefikiria kwenda sasa aulize kwanza hali ya usalama, maana hata miaka ile ya utulivu tuliingia Hifadhi ya Kahuzi-Biega tukiwa na askari wake.

Jambo la kwanza lilikuwa kuchagua majira. Wengi hushauri kiangazi, kati ya Juni na Agosti, kwa sababu njia hukauka kidogo. Mimi nilichagua mwezi Mei, mvua zinapoelekea kwisha, kwa kuwa wakati wa kiangazi vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa hutanda juu ya ziwa, na mtu anaweza kufika kileleni asione chochote. Gharama yake ni tope la kufika nusu ya buti. Buti zangu zilikuwa za mpira, za kawaida kabisa, kutoka soko la Kadutu. Nilizivaa na soksi nene, nikachomeka suruali ndani kwa sababu ya siafu. Glavu za kulimia zilinifaa kuliko koti la bei kubwa nililoazimwa, kwani kando ya njia kuna majani yanayowasha, na mkono unaoteleza hushika chochote kilicho karibu.

Tuliondoka kabla ya mapambazuko kupitia Miti, tukapanda katikati ya mashamba ya chai hadi Tshivanga, palipo makao ya hifadhi. Tulilipa, tukapewa kiongozi, askari na wabebaji wa mizigo, kisha tukasogea kwa gari kwenye barabara inayoukatiza msitu hadi mahali njia ya miguu inapoanzia.

Sehemu ngumu ni ya mianzi. Mianzi iliyoanguka hulala njiani ikiwa imelowa, na mwinuko hauna kona za kupumzikia. Unapanda moja kwa moja. Nilikuwa nikitafuta mizizi ili nikanyage juu yake, nikidhani ni imara, mpaka kiongozi aliponigeukia akasema, “Papa, mzizi uache. Kanyaga tope.” Alikuwa na haki. Mzizi uliolowa humtelezesha mtu kwa ghafla, na goti ndilo linalopokea pigo, lakini tope huushika mguu hata kama linauchelewesha. Akanikatia fimbo ya mwanzi uliokwisha kuanguka, yenye kunifika begani, akaniomba nitangulie mbele ya wote ili mwendo wa kundi uwe wangu. Nadhani hilo ndilo lililonifikisha.

Gorila hatukuwaona, kwani watu huenda kuwatafuta kwa njia nyingine na kwa malipo mengine, lakini tulipita kwenye machipukizi ya mianzi yaliyotafunwa na kinyesi kilichokuwa bado kibichi. Aliyekiona kwanza ni mbebaji mmoja, Mtwa. Watwa waliishi katika msitu huu hadi walipoondolewa katika miaka ya 1970, hifadhi ilipokwisha kuundwa mwaka 1970. Sioni haki katika mtu kurudi kwenye msitu wa babu zake akiwa amebeba chakula changu, ingawa siku ile nilimtegemea kuliko mwingine yeyote.

Juu ya mianzi miti hufupika, ikavikwa kuvu za ndevu za kijivu, na upepo huwa baridi kiasi kwamba jasho la mgongoni linageuka adui; nilibadilisha shati kabla ya kufika juu. Kileleni tuliliona ziwa lote upande wa mashariki, kisiwa cha Idjwi katikati yake, na Mlima Biega wenye mita 2,790 ukiwa chini ya macho yetu. Tulikuwa bado hatujamaliza viazi vitamu na sambaza za kukaanga, yaani dagaa wa ziwani, wingu lilipofunika kila kitu. Anayefika huko saa sita mchana huenda asione hata buti zake.

Kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda. Nilijifunga goti kwa bandeji, nikashuka ubavu ubavu nikitanguliza fimbo, na penye mteremko mkali niliketi nikajiburura bila aibu, askari wakicheka kwa adabu. Kesho yake shuleni nilishuka ngazi kinyumenyume, nikiwaeleza wanafunzi kwamba ni mazoezi.