Kangaja wangu ana vumbi la dhahabu

Jamani leo roho imeniuma.

Samaki wangu wa buluu, aina ya kangaja, niliyeletewa juzi na mzamiaji wa huku Kilifi, bado yuko tangi la karantini, peke yake, na jana alikula mwani vizuri tu.

Leo kagoma. Anahema mbiombio, mashavu anayopumulia hayapumziki, amejibanza penye mkondo wa pampu na taa ikiwaka anakimbilia kivulini.

Nikazima taa zote nikammulika kwa ubavuni na tochi ya simu.

Hapo ndo nikaona. Si zile nukta nyeupe za ugonjwa wa vimelea uitwao ich, kama chembe za chumvi, hizi ni laini mno, vumbi la dhahabu limemtanda kichwani mpaka kwenye mapezi, na ukimwangalia kwa mbele huoni kitu kabisa!

Nahisi ni velveti, ugonjwa mwingine wa vimelea, na hiyo haisubiri, inavamia mashavu na samaki anaweza kufa ndani ya siku chache. Nimemwogesha maji yasiyo na chumvi, katulia kidogo, jioni hii naanza dawa ya shaba.

Mliowahi kuponya velveti, kiwango cha shaba mlipandisha polepole au mara moja? Na akikataa kula mlimpa nini? Niambieni tafadhali, niko macho.