We ni injinia au fundi? Kusoma uhandisi ujenzi kwa njia ya diploma

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka naanza kupata meseji zilezile. Dogo kapata C ya fizikia, hesabu kajikongoja, nyumbani wanamlazimisha aende kidato cha tano akapige PCM, yani fizikia, kemia na hesabu, yeye moyo wake uko kwenye ujenzi na kuna mtu kamwambia aende chuo moja kwa moja, sasa swali linakuja hivi: bro hiyo njia ya diploma si inakufanya uwe fundi tu? Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimeota sugu, leo naandika mara moja, akija mwingine namtumia linki.

Ngazi yenyewe iko hivi. Una kidato cha nne, hesabu, fizikia na kemia zimepita, unaingia chuo cha ufundi, kuna DIT pale Dar, kuna Chuo cha Ufundi Arusha, kuna MUST Mbeya na vingine, unasoma miaka mitatu unapanda NTA 4, 5 na 6, ndo ngazi za elimu ya ufundi hizo, unatoka na diploma. Zamani ilikuwa inaitwa FTC na wazee wengi walioshikilia barabara na visima vya halmashauri zetu hiyo ndo waliyonayo, usiwadharau kabisa. Ukitoka na GPA ya 3.0 kwenda juu unaomba digrii, kwa vyuo vya aina hii digrii ndo NTA 8. Mule ndani unakutana na mwenzio aliyepitia kidato cha sita na mnakaa dawati moja, yeye ana hesabu za kutisha, wewe umeshashika koleo. Mwaka wa kwanza atakutoa jasho kwenye kuintigreti, sikufichi, walimu wanakwenda kwa spidi yake sio yako, na wa diploma wengi sapu zao, ile mitihani ya kurudia, ziko hapohapo kwenye hesabu. Mkifika maabara ya udongo ye ndo anaomba daftari lako.

Tuanze na zege maana ndo kozi yenyewe, hayo mengine yote yanaizunguka. Kuna kipimo kinaitwa slampu, cha kuangalia zege bichi ni laini kiasi gani, mtu akikiona mara ya kwanza anacheka. Koni ya bati, urefu milimita 300, mdomo wa chini 200, wa juu 100. Unajaza zege bichi tabaka tatu, kila tabaka unalichoma mara 25 na kijiti cha chuma cha milimita 16, unakwangua juu, afu unainua koni wima taratibu bila kuiyumbisha. Zege linakaa chini, unapima limeshuka kiasi gani, basi, umemaliza. Baada ya hapo unajaza kyubu, yale maboksi ya chuma ya sentimita 15 kila upande, kesho yake unafungua, unaandika tarehe, unazamisha kwenye tanki la maji, siku ya 7 unaponda chache kuangalia mwelekeo na siku ya 28 unaponda zilizobaki.

Sasa piga hesabu na mimi. Zege la C25 maana yake kila milimita moja ya mraba ibebe nyutoni 25. Uso wa kyubu una milimita za mraba 22,500. Zidisha, unapata kilonyutoni 562 na nusu, ambazo ni kama tani 57. Semi iliyojaa mpaka mwisho wa kile sheria inaruhusu kwenye mizani zetu ni tani 56. Yani kile kipande cha kilo nane hivi ulichokibeba kwa mikono miwili kutoka kwenye tanki kinatakiwa kibebe uzito wa semi nzima na mzigo wake ndo kipasuke. Mi hesabu hiyo ndo iliyoniuza kwa hii fani, sio hotuba ya mtu yeyote.

Ila uje saiti uone hilo zege linavotendwa. Mfuko wa saruji ni kilo 50, ukitaka maji yawe nusu ya uzito wa saruji ni lita 25, na hapo kama mchanga umenyeshewa una maji yake inabidi uyatoe. Ndoo yetu ya kawaida ni lita 20, kwa hiyo mfuko mmoja ni ndoo moja na robo. Nenda saiti yoyote mtaani kwenu usimame pembeni uhesabu. Mbili, na mara nyingi kuna kakopo ka nyongeza, kwa sababu zege lenye maji kidogo linachosha mikono na saidia fundi anataka litiririke lenyewe kama uji. Pale uzito wa maji kwa saruji ushafika 0.8, na kutoka 0.5 mpaka 0.8 nguvu inapotea karibu nusu. Saruji inachokitumia kwelikweli kwenye kugandana ni maji kama robo ya uzito wake tu, yanayobaki yanakauka taratibu yanaacha vitobo, na vitobo ndo hivo hivo vinavokuja kuiachia chumvi na hewa zifike kwenye nondo miaka ya mbele.

Wanachuo wengi wakienda fildi wanaanza kugombana na vibarua kuhusu maji, naona ni ujinga kidogo. Yule jamaa anapandisha karai kwenye ngazi ya mirunda jua la saa saba limemkalia kisogoni, ukimwambia apunguze maji bila kumletea poka ya kutetemeshea zege umemwongezea mateso na ukigeuka tu anamimina. Mwambie mwenye nyumba akodi poka. Hapo ndo kazi yako ilipo, katikati ya mchoro na karai, na hii njia ya diploma kitu kimoja inakifanya vizuri kuliko ile nyingine, inakufundisha kuongea na pande zote mbili.

Kuna fildi moja nilipangiwa kwenye ghorofa la kawaida tu, duka chini watu juu. Fundi nondo pale alikuwa mzee mtu mzima, hajakanyaga chuo, nikimsalimia shikamoo anajibu marahaba injinia kwa sauti ya kunitania. Siku ya kumwaga slabu akaniita kwenye kibaraza cha juu, kile kinachoning'inia nje bila nguzo. Akaniuliza, dogo, nondo za hapa zinakaa juu au chini? Nikamwambia juu, maana bimu iliyolala kwenye nguzo mbili inavutika tumbo la chini ila kibaraza kinavutika mgongo. Akasema haya vizuri, nimezifunga asubuhi ziko juu, wakianza kupita na makarai zitakuwa chini kabla hawajafika katikati, simama hapa. Akanipa ndoano ya kufungia waya. Kazi yangu siku nzima ilikuwa hiyo, mtu akipita anakanyaga, mi navuta nondo juu, anapita mwingine, navuta tena, shati linachuruzika saruji.

Jioni ndo nikakaa nikaifanyia hesabu ya darasani. Slabu ya milimita 150, nondo ya juu inakaa kama milimita 120 kutoka chini. Ikikanyagwa ikashuka milimita 50 umebaki na 70, uwezo wa kile kibaraza umeondoka kama asilimia 40 hivi na kwa nje huoni kitu, plasta safi, rangi safi, maua kwenye vyungu. Yule mzee hajui neno momenti, ile nguvu ya kupinda, ila alikuwa anajua saa ngapi itaanza kupotea.

Darasani momenti ya bimu iliyolala kwenye nguzo mbili ni wL²/8 ubaoni, w ni mzigo na L ni urefu, na ile L ikiwa na mbili yake juu ndo chanzo cha ugomvi wangu na ndugu zangu wote wanaojenga. Shangazi anataka sebule ya mita 8 bila nguzo katikati kwa sababu kaona kwenye simu. Ukiongeza urefu kutoka mita 4 kwenda 8 momenti haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne, sasa wewe mweleze shangazi kwamba nondo alizonunua ni za chumba cha kulala. Na jiandae, ukishasajiliwa tu semista ya kwanza ukoo mzima unakugeuza mchoraji wa ramani wa bure. Ah na kwenye vitabu, bado tunasomea sana BS 8110, mwongozo wa kusanifu majengo ya zege, ambayo Waingereza wenyewe waliiondoa mwaka 2010 wakahamia Eurocode ya Ulaya, walimu wanajua, rafu za maktaba ndo hazijui, kwa hiyo jifunze zote mbili mapema usisubiri uambiwe.

Upimaji nitapita haraka. Levo ya kupimia vimo na stafu, ile rula ndefu ya kusimamisha, jua, mbuzi wanapita katikati ya mstari, mwenzio aliyeshika stafu anachati. Utaipenda au utaichukia, ila ile tabia ya kujumlisha bekisaiti zote (vipimo vya kuangalia nyuma), kutoa foosaiti zote (vya mbele) na kuona jibu linalingana na kimo cha mwisho kutoa cha kwanza, hiyo ishike, inakufundisha kutoamini namba yako mwenyewe mpaka ijithibitishe.

Udongo ndo somo ambalo watu wanalichukulia poa na ndo lenye hela. Barabara zetu nyingi msingi wake ni moramu, na mwongozo wa Wizara ya Ujenzi wa mwaka 1999 unazipanga kwa majina kama G15, G45, namba ni CBR yake, yani kipimo cha ubebaji wa udongo. Unachukua moramu, unaishindilia kwenye moldi, unaizamisha majini siku 4 ili uione katika hali yake mbaya kabisa, afu unasukuma pistoni mpaka iingie milimita 2.5 na kulinganisha nguvu uliyotumia na kilonyutoni 13.2 za kokoto sanifu. Ukiona barabara imepigwa lami vizuri na masika ya kwanza tu imeshakuwa mahandaki, mara nyingi usiilaumu lami, kaulize chini kulikuwa na nini na maji yalikuwa yanatokea wapi. Kama unatoka sehemu zenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, umeshaona kwa macho mambo ambayo wenzio watayasoma kwenye madesa. Kero ni vifaa. Chuo nilichosoma mashine ya CBR ilikuwa moja, grupu zimejipanga, kuna watu wamemaliza semista wameandika ripoti nzuri ya mashine ambayo hawajawahi kuishika. Nenda jioni, ongea vizuri na mtu wa maabara, mletee hata soda, akuachie ushike mwenyewe.

Kuhusu hela, mkopo ukiupata, bumu ya chakula na malazi kwa wa digrii ilipandishwa 2022 kutoka shilingi 8,500 kwa siku kwenda 10,000. Inatosha kama unapika. Haitoshi kama una mapenzi.

Sasa lile swali la kichwa cha habari. Kisheria neno injinia lina mwenyewe. Kuna Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, ipo kwa sheria ya 1997. Ukiwa na diploma wewe ni fundi sanifu na unasajiliwa kwa ngazi yako, hakuna aibu yoyote pale. Ukimaliza digrii unasajiliwa kama mhandisi mhitimu, unafanya kazi kama miaka mitatu chini ya mtu anayekusimamia, kuna mpango wao wa mafunzo unaitwa SEAP umeanza 2003, afu unaenda kwenye usaili na ukipita ndo unaandika Eng. mbele ya jina. Kabla ya hapo hata ukiwa na GPA ya dhahabu hujawa. Kwa hiyo wale wa kidato cha sita wanaowacheka wa diploma kwenye korido wote wanakwenda kupanga foleni mlango mmoja, na kwenye usaili unaulizwa ulisimamia nini, sio ulisoma wapi.

Machi 2013 ghorofa 16 lilipoanguka mtaa wa Indira Gandhi pale mjini Dar wakafa watu 36, nilikuwa bado mdogo. Novemba 2024 likaanguka lingine Kariakoo na safari hii simu yangu haikupumzika, kila ndugu anataka nimwambie sababu. Sikuwaambia, sikulipima jengo mimi. Nilichowaambia ni kwamba wale wanaojenga sasa hivi waniite siku ya kumwaga zege, wasiniite siku ya kupaka rangi. Wawili waliita, na mmoja nilimkuta kashamwaga.

Ajira, sitakudanganya. TARURA na TANROADS za barabara, RUWASA ya maji vijijini, wanatangaza, mnaomba wengi sana kwa nafasi chache, miradi mikubwa kama SGR, ile reli ya kisasa, ilibeba vijana wengi ila mradi ukiisha mkataba nao umeisha. Waliotoka mapema niliosoma nao ni wale waliokubali kuanza kwa mkandarasi mdogo kama mtu wa maabara au mpimaji, diploma mkononi, wengine wamerudi kuchukua digrii huku wanakula mshahara. Aliyepitia kidato cha sita hana hiyo ngazi ya katikati, ye ni digrii au hamna. Kwa familia ambayo hela ni ya kuungaunga hilo ni jambo kubwa kuliko hadhi.

Na wanaouliza laptop, usinunue ya bei mbaya mwaka wa kwanza. NTA 4 utachora kwa mkono, ubao, tiskweya na penseli, na ni vizuri iwe hivo. AutoCAD Autodesk wanatoa bure kwa wanafunzi ukijisajili kwa kuthibitisha chuo, kwa hiyo yule anayekuuzia ya kuchakachua kwenye flashi mwambie asante. Mtafute mtu wa mwaka wa tatu anayeuza yake ukifika NTA 6, hakikisha ina ramu ya GB 8 na chaji inakaa, maana saiti umeme hauna adabu.