Siku moja katika kituo cha kuandikisha wapiga kura, Rungwe

Saa 12:30 asubuhi ninafika katika shule ya msingi ya kijiji kimoja cha wilaya ya Rungwe, karibu na mashamba ya chai. Ni mwishoni mwa Desemba 2024, na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi inaboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura mkoani kwetu kwa siku saba. Mimi ni mwendeshaji wa kifaa cha bayometriki, yaani mashine inayochukua alama za vidole na picha, na mwenzangu, mwandishi msaidizi, ndiye anayejaza fomu. Tunachagua darasa lisilo na ngazi, kwa sababu mtu anayetumia kiti mwendo akishindwa kuvuka kizingiti, haki aliyopewa na Ibara ya 5 ya Katiba inakuwa imeishia mlangoni.

Saa 2:00 kituo kinafunguliwa mbele ya mawakala wa vyama. Wazee, wajawazito, wanaonyonyesha na wenye ulemavu wanatangulia. Vijana ambao watatimiza miaka 18 ifikapo siku ya uchaguzi wa 2025 nao wanaandikishwa, jambo ambalo wengi wao walikuwa hawalijui.

Saa 4:30 anaingia bibi mmoja aliyechuma chai na kulima viazi maisha yake yote. Namwamkia, ananiitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," kisha anaweka kidole juu ya kioo na mashine inakikataa. Jembe limekula mistari ya ngozi, na baridi ya asubuhi imekausha kilichobaki. Ninamfuta vidole kwa kitambaa chenye unyevu, namwomba avisugue vipate joto, kisha tunarudia taratibu, kimoja baada ya kingine. Kwa maoni yangu hapa ndipo kazi yetu inapopimwa. Alama za vidole zinalinda Daftari, lakini mwendeshaji mwenye haraka anaweza kuugeuza ulinzi huo kuwa ukuta mbele ya wale waliotumia mikono yao zaidi kuliko sisi sote. Vidole viwili vinagoma kabisa. Ninaeleza hivyo katika mfumo, nampiga picha, na kadi yake inachapishwa hapo hapo.

Saa 7:00 mchana mzee mmoja mwenye kadi aliyoipata Mbeya mjini anaomba kadi nyingine ya hapa kijijini, akidhani ndivyo inavyopaswa kwa aliyehama. Mwenzangu anamweleza kwa heshima kwamba kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai, na kwamba alama za vidole za nchi nzima hulinganishwa ili jina la mtu lisibaki mara mbili. Anachohitaji ni kuhamisha taarifa zake, kwa sababu mpiga kura hupigia kura katika kituo alichoandikishwa. Hatua hiyo angeweza kuianza kwa njia ya mtandao, ingawa kadi bado angelazimika kuifuata kituoni.

Saa 9:00 mvua inanyesha, na foleni inahamia ndani ya darasa.

Saa 10:45 kaka mmoja asiyeona, akiwa tayari ameandikishwa, anauliza kura yake itakuwa siri namna gani. Swali hilo nalithamini kuliko yote niliyoulizwa leo. Namweleza kuwa kipo kifaa chenye maandishi ya nukta nundu ambacho karatasi ya kura huwekwa ndani yake, hivyo anayesoma nukta nundu anaweza kuchagua peke yake. Asiyeijua anaruhusiwa kuja na mtu anayemwamini amsaidie, lakini mtu huyo hawezi kuwa msimamizi wa kituo wala wakala wa chama. Anauliza tena endapo msaidizi atamsaliti, na ninakiri kwamba hapo sheria inategemea uaminifu wa mtu, ndiyo maana ninamhimiza ajifunze kukitumia kifaa hicho mapema.

Saa 12:00 jioni tunafunga, tunanakili taarifa za siku nzima na kutuma idadi kwa afisa wa kata. Kabla ya kuondoka namwomba mwenyekiti wa kitongoji awatangazie wachuma chai kwamba kesho waje baada ya saa 9:00 alasiri, wakati foleni ni fupi, ili asiwepo atakayelazimika kupoteza ujira wa siku kwa ajili ya kadi.